Lifti Haikufa Ghafla

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo nataka tuongee kuhusu pesa ambayo hakuna mtu anapenda kuitoa, kwenye mkutano ambao hakuna mtu anapenda kuuhudhuria: akiba ya jengo, kwenye AGM ya wenye nyumba. Najua hata kusikia tu hivyo usingizi unakuja. Lakini vumilia kidogo, kwa sababu hii stori ina shosho ndani yake.

Shosho wangu ana miaka 78. Tunaishi naye ghorofa ya sita hapa Nairobi, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo mathe alinunua mwaka wa 2013 jengo likiwa bado linanuka rangi. Alichukua mkopo wa sacco, akaulipa miaka mingi na mshahara wa ualimu. Yeye mwenyewe anafundisha Nakuru, kwa hivyo mimi ndiye niko kejani na Shosho.

Kutoka mlango wetu hadi chini ni ngazi 108. Nimezihesabu. Lifti ilikufa mwezi wa tatu, na leo ni wiki ya kumi na moja. Kwa hizo wiki zote Shosho ameshuka mara tatu pekee, zote za kliniki ya presha, na mara zote tatu ameshushwa na vijana wawili wa geti akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mara ya tatu alifunga macho njia yote. Tulipofika chini akaniambia, "Siku nyingine mniache tu huko juu."

Kanisa hajaenda. Soko hajaenda. Rafiki yake wa ghorofa ya kwanza wanaongea kwa simu, na wako kwenye jengo moja.

Sasa, siku lifti ilipokufa, grupu ya WhatsApp ya jengo iliwaka. Kila mtu alikuwa na sentensi moja: "Lifti imekufa ghafla." Ghafla. Hilo neno ndilo limenifanya niandike hii kitu.

Fundi alikuja, akakaa huko juu masaa matatu, akashuka na habari mbaya. Mota imechoka, nyaya zimechakaa, na ule ubongo wa lifti umeungua baada ya stima kupotea na kurudi mara nyingi. Vipuri vya mtindo huo wa zamani kuvipata ni shida. Makadirio yake: milioni 3.6. Mweka hazina akafungua akaunti ya jengo. Kulikuwa na shilingi 212,000, na nusu ya hiyo ilikuwa tayari ni ya masoja wa mwisho wa mwezi.

Tuko nyumba 40. Milioni 3.6 gawa kwa 40 ni shilingi 90,000 kila nyumba, na inatakikana sasa. Unajua kilichofuata. Wa ghorofa ya chini wakasema wao hawatumii lifti. Wenye kupangisha wakasema waulizwe wapangaji. Mmoja akauliza nani alikula pesa. Mwingine akasema tufanye harambee. Mwingine akatoka kwenye grupu kabisa. Hadi leo ni nyumba 17 zimelipa, na fundi hawezi kuagiza hata msumari.

Mimi nilienda kwa mkutano wa dharura nikimwakilisha mathe. Nilienda na hasira, nikitafuta mwizi. Nikaomba vitabu vya miaka yote. Mweka hazina, mama mmoja mpole sana, akanipa boksi zima na kuniambia, "Soma, kijana. Hata mimi nimechoka kuitwa mwizi."

Nilisoma siku mbili. Sikuona mwizi. Nilichopata ni karatasi moja ya mwezi wa tatu 2015, kumbukumbu za AGM. Kuna mzee mmoja alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, alistaafu kazi ya uhandisi, sasa ameuza na kurudi nyumbani kwao. Huyo mzee alisimama akapendekeza kila nyumba iongeze shilingi 600 kwa mwezi, ziwekwe kwenye akaunti yake tofauti, zisiguswe, zingoje lifti, pampu na paa. Wakapiga kura. Waliounga mkono wanne. Waliopinga ishirini na mbili. Na chini wameorodhesha majina ya waliopinga.

Jina la mathe liko hapo. Ni la tisa.

Hebu tufanye hesabu pamoja, polepole. Shilingi 600 mara nyumba 40 ni 24,000 kwa mwezi. Kutoka mwezi wa tatu 2015 hadi mwezi wa tatu 2025 ni miezi 120. Hiyo ni milioni 2.88, bila kuhesabu hata senti moja ya riba. Fundi anataka 3.6. Pengo lingekuwa shilingi 720,000, yaani 18,000 kila nyumba. Elfu kumi na nane mtu anaweza kukopa kwa rafiki. Elfu tisini ni ada ya shule ya mtoto.

Kwa hivyo hapana, lifti haikufa ghafla. Ilikuwa inakufa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza tulipoipanda, na kuna mtu alituambia.

Hoja yangu ya leo ni hii, na ukisahau mengine yote, ondoka na hii pekee: akiba ya jengo si pesa ya ziada. Ni deni ambalo tayari liko, ila halijaandikwa mahali popote. Kila siku unapopanda lifti, unaila kidogo. Kila mvua ya masika inayopiga paa, inakula paa. Kila mara pampu inapovuta maji kutoka kisimani, siku zake zinapungua. Sisi tunakula jengo kila siku. Swali ni kama tunalipa tunachokula, au tunamwachia bili yule atakayekuwa mezani siku ya mwisho.

Kwa sasa aliyekuwa mezani ni Shosho.

Wengi wetu tunachanganya pesa za aina mbili. Kuna ile ada ya kila mwezi, ile service charge. Kwetu ni shilingi 5,000. Hiyo inalipa masoja, usafi, takataka, stima ya ngazi na geti, na mshahara wa msimamizi. Inaingia tarehe tano, inaisha tarehe thelathini. Nyumba 40 mara 5,000 ni 200,000 kwa mwezi, na kwetu matumizi ni 200,000 kamili. Watu wanaona geti linafunguka, ngazi zimepigwa deki, wanasema jengo letu liko sawa. Kumbe jengo linapumua tu. Kama mtu anakula mshahara wote kila mwezi hawezi kusema yuko sawa kifedha, hata kama amevaa viatu vipya.

Pesa ya pili ni ya vitu vikubwa vinavyochakaa polepole na kuisha kwa mkupuo. Hizi haziwezi kutoka kwenye ada ya mwezi. Lazima zikae mahali pake, zikingoja.

Na kujua ni ngapi si uganga. Ni vitu vitatu tu. Tembea jengo lote na fundi anayejua kazi, andika kila kitu kikubwa cha pamoja. Kwa kila kitu uliza: kimebakisha miaka mingapi, na leo kukibadilisha ni pesa ngapi? Kisha gawa bei kwa miaka. Mimi nimefanya hivyo kwa jengo letu na fundi wawili, tukapata hivi:

Pampu ya kisima: 400,000, imebakisha miaka 4. Kwa mwaka, 100,000.

Kamera na mota ya geti: 300,000, miaka 3. Kwa mwaka, 100,000.

Rangi ya nje pamoja na kuziba nyufa: 1,600,000, miaka 5. Kwa mwaka, 320,000.

Paa, kulipaka upya lisivuje: 900,000, miaka 6. Kwa mwaka, 150,000.

Jenereta: 1,000,000, miaka 10. Kwa mwaka, 100,000.

Lifti mpya kabisa, baada ya hii kutengenezwa: 4,800,000, miaka 20. Kwa mwaka, 240,000.

Jumla ni 1,010,000 kwa mwaka. Gawa kwa nyumba 40, gawa kwa miezi 12. Ni kama shilingi 2,100 kwa mwezi kila nyumba. Hizi ni bei za jengo letu na mafundi wetu, usizibebe ukazipeleka kwenu. Na nimechukulia nyumba zote ni sawa kwa ukubwa. Pale ambapo ukubwa unatofautiana, mwenye nyumba kubwa anachangia zaidi. Kisha kila mwaka hesabu inarudiwa, kwa sababu bei za vitu haziketi mahali pamoja.

Sitakudanganya kwamba 2,100 ni kidogo. Ni kama kuchukua ile 5,000 na kuifanya 7,100. Kwa mwalimu wa Nakuru anayelipa mkopo, hiyo inauma. Ndiyo maana siwalaani waliopinga 2015. Mathe nilimuuliza. Alinyamaza kidogo kwa simu, kisha akasema, "Mwaka huo nilikuwa nawalipia wawili fomu. Mia sita ilikuwa mia sita." Naelewa. Lakini hakuna mtu aliyemwonyesha upande wa pili wa mizani. Aliulizwa, "Unataka kuongezewa 600?" Hakuna aliyemuuliza, "Unataka 600 sasa, ama 90,000 siku mama yako atakuwa hawezi kushuka ngazi?"

Sasa nije kwa zile sababu ambazo nimezisikia tangu nianze hii vita. Nazichukulia kwa uzito, kwa sababu zingine zina ukweli.

Ya kwanza: "Mimi nakaa chini, situmii lifti." Sawa. Na wewe wa chini, mabomba ya maji taka ya ghorofa zote yakiziba, unafikiri uchafu unatokea wapi kwanza? Si kwetu ghorofa ya sita. Unatokea chooni kwako. Sisi wa juu pia tunaweza kusema hatuna shida na mabomba ya chini. Na paa likivuja, wa chini atasema halimhusu. Tukianza kukata jengo vipande hivyo, tutabaki na ghorofa saba za watu wasiohusiana, zimeshikiliwa na nguzo zilezile.

Ya pili: "Mpangaji ndiye anatumia, alipe yeye." Mpangaji analipa tayari, inaitwa kodi. Wewe unapokea 45,000 kwa mwezi kwa sababu jengo lina lifti na maji hayakatiki. Mpangaji akiondoka, lifti inabaki yako. Na wanaondoka kweli. Kwenye jengo letu nyumba mbili za juu zimehamwa tangu mwezi wa nne. Mmoja wa wenye hizo nyumba alikataa kutoa 90,000. Nyumba yake imekaa tupu miezi miwili. Piga hesabu mwenyewe, 45,000 mara mbili.

Ya tatu: "Bima si iko?" Bima ya jengo inalipa ajali, kama moto. Kuchakaa si ajali. Hakuna kampuni itakulipia kitu kilichozeeka mbele ya macho yako.

Ya nne: "Mimi nitauza karibuni, niwaachie wengine pesa zangu kwa nini?" Hii ndiyo inanikera zaidi, kwa sababu inasikika kama akili. Bro, umepanda hiyo lifti miaka kumi na miwili. Umeila. Ukiondoka bila kulipa ulichokula, hujaokoa kitu, umemtupia deni anayenunua. Na wanunuzi wanaamka. Mtu akija na wakili mwenye macho, ataomba hesabu za jengo, aone akiba ni ngapi na nani ana madeni. Akikuta akaunti ni tupu na lifti imefungwa na kamba, atakupunguzia bei kuliko hata hizo 90,000.

Ya tano ndiyo yenye nguvu kuliko zote: "Watakula." Hapa nakubali kabisa. Sisi Wakenya tumeumwa na nyoka, ukamba wa kiatu unatushtua. Akaunti yenye mamilioni imekaa tu, haina kazi hadi miaka sita ijayo, ni kishawishi. Lakini angalia vile tunaishi. Watu haohao wanaosema hawawezi kuaminiana kwenye jengo wana chama. Mathe ana viwili. Chama kinafanya kazi si kwa sababu wanachama ni malaika, ni kwa sababu kila mtu anaona kitabu. Dawa ya wizi ni kuweka wazi. Kukataa kuweka akiba hakuzuii wizi, kunazuia tu lifti.

Kwa hivyo masharti ni haya. Akaunti ya akiba iwe tofauti kabisa na ya matumizi, hata jina. Watia sahihi watatu, na angalau mmoja asiwe kwenye kamati. Taarifa ya akaunti iwekwe kwenye grupu kila mwezi, picha ya benki yenyewe, si ya kuandikwa kwa mkono. Pesa itoke kwa vitu vilivyo kwenye orodha pekee, na kitu chochote kikubwa kipitishwe na mkutano pamoja na makadirio ya mafundi watatu. Mkaguzi wa nje apitie kila mwaka. Na masoja wasilipwe kutoka hapo, hata siku moja, hata kwa mkopo wa wiki mbili. Mkopo wa wiki mbili ndio mlango.

Pia pesa isilale tu. Lakini sikia, akiba ya jengo si ya kutafuta utajiri. Si ya kununua shamba Kitengela, si ya forex, si ya kukopesha wanachama. Ni ya kuwepo siku inapohitajika. Kwenye benki, bima ya amana ya serikali inafika shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti katika benki moja, kwa hivyo mamilioni yote kuyaweka kikapu kimoja si busara. Kuna mifuko ya soko la fedha iliyosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mnaweza kutoa pesa ndani ya siku chache. Kuna hati za hazina za serikali za siku 91, 182 na 364. Kama mnajua rangi inapakwa mwaka ujao, hati ya siku 364 inaiva wakati unaofaa. Kitu cha dharura kama pampu, weka karibu. Ndivyo tu.

Ukidhani hii ni presha ya lifti pekee, twende Marekani kidogo, kwa sababu huko kuna jengo ambalo mabishano yao ukiyasoma utadhani ni grupu yetu. Linaitwa Champlain Towers South, mji wa Surfside, jimbo la Florida, pembeni ya bahari. Ghorofa 12, nyumba 136. Mwaka wa 2018 mhandisi aliwaandikia kwamba zege ya chini ya sehemu ya bwawa la kuogelea imeharibika vibaya na inahitaji kutengenezwa. Akiba yao ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kazi yenyewe. Wakabishana. Wajumbe wa kamati wakajiuzulu. Bei ikapanda hadi kama dola milioni 15, na hata mwenye nyumba ndogo akadaiwa zaidi ya dola 80,000. Malipo yalikuwa yaanze tarehe 1 Julai 2021. Jengo likaanguka usiku wa tarehe 24 Juni. Watu 98 walikufa.

Sisemi akaunti tupu ndiyo iliangusha zege. Kwa nini jengo lilianguka ni kazi ya wahandisi kueleza. Nasema kwamba watu waliokuwa na ripoti mkononi walitumia miaka mitatu wakibishana nani atalipa, na wakati huo jengo halikusimama kuwangoja. Huko Florida wenye nyumba walikuwa wanaruhusiwa kupiga kura ya kutoweka akiba, kama vile sisi tulivyopiga 2015. Mwaka wa 2022 jimbo likatunga sheria: kwa majengo ya ghorofa tatu kwenda juu, akiba ya sehemu zinazolibeba na kulilinda jengo haipigiwi tena kura ya kuikwepa.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini walishafika hapo. Sheria yao iliyoanza kutumika Oktoba 2016 inataka kila jengo la aina hii liwe na mfuko wa akiba na mpango wa matengenezo wa miaka kumi. Na akiba ikiwa chini ya robo ya michango ya kawaida ya mwaka uliopita, lazima waweke angalau asilimia 15 ya michango ya kawaida ya mwaka huo. Kwa jengo letu asilimia 15 ya 5,000 ni shilingi 750. Yaani sheria ya Afrika Kusini inakaribia sana ile 600 ya mzee wetu wa ghorofa ya tatu. Alikuwa mbele yetu sote.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Sectional Properties ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Disemba 2020 ikachukua nafasi ya ile ya 1987. Inawafanya wenye nyumba wa jengo moja kuwa shirika moja, na shirika hilo ndilo lina kazi ya kutunza sehemu za pamoja. Majengo mengi ya zamani bado yanaendeshwa na kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye nyumba ana hisa ndani yake. Vyovyote vile, wenye jengo ni nyinyi. Hamhitaji kungoja Bunge. Andikeni kwenye kanuni zenu: akiba ni lazima, kiwango chake kinafuata mpango, na mkutano hauwezi kuikwepa kwa sababu ya njaa ya mwaka mmoja.

Na hii si stori ya watu wa Kilimani peke yao. Kila mwenye payslipu anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Park Road pale Ngara watu walishaingia, na kwingine majengo yanapanda. Tunapiga picha na funguo, tunapiga makofi. Ni sawa, mimi pia nafurahi mtu akipata nyumba. Lakini kila lifti, kila pampu, kila paa la pale limeanza kuhesabu siku zake. Wanaoingia ni watu wa kipato cha kawaida, ambao 90,000 ya ghafla itawaangusha haraka kuliko sisi. Kama akiba haitaanza siku ya kwanza, wakati kila kitu ni kipya na kiwango ni kidogo, baada ya miaka kumi na mbili kutakuwa na shosho wengine wengi kwenye viti vya plastiki.

Sasa AGM yetu ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, pale chini kwenye maegesho. Nitapendekeza mambo mawili. Kwanza, ile 90,000 ilipwe kwa awamu sita za 15,000, na atakayemaliza deni lake mapema tumshukuru hadharani. Pili, akiba ianze mwezi huohuo, nusu ya kile hesabu inasema, yaani shilingi 1,050 kwa mwezi. Hiyo inaleta 504,000 kwa mwaka. Haitoshi, najua. Baada ya mwaka mmoja ipande kidogo, hadi ifike 2,100. Napendelea nusu inayolipwa kuliko kamili inayobishaniwa.

Mathe anakuja mwenyewe. Amepanda shuttle ya Ijumaa jioni. Nilimwambia naweza kumpigia kura, akasema hapana, hii atainua mkono wake mwenyewe, kwa sababu ule wa 2015 pia aliuinua mwenyewe. Nimempigia simu yule mzee wa ghorofa ya tatu pia, nimwombe ile karatasi yake ya zamani ya hesabu. Hakusema "niliwaambia." Aliuliza tu, "Bado ni 600?" Nikamwambia imekuwa 2,100. Akacheka kidogo, akasema atanitumia.

Shosho ameniuliza kama mkutano ungeweza kufanyiwa juu, kwenye ngazi za ghorofa ya sita, ili na yeye asikie. Nimeipeleka kwa mwenyekiti kama ajenda. Sijui kama watu watakubali kupanda ngazi 108 kuja kupiga kura. Lakini ningependa sana wapande.

Kama unakaa kwenye jengo lenye wenye nyumba wengi, fanya kitu kimoja wiki hii. Muulize mweka hazina wenu swali moja tu, kwa heshima: "Tuna akiba ngapi ya vitu vikubwa, na iko wapi?" Akikuonyesha, mshukuru. Akinyamaza, basi umeshajibiwa, na lifti yenu imeshaanza kufa.